Kinyozi aliniuliza kama nina msiba

Aliniuliza mara mbili. Mara ya kwanza nilipokaa kwenye kiti, mara ya pili mashine ikiwa tayari inanguruma karibu na sikio. Mwanamke wa miaka 41, rasta ameshazifumua nyumbani, anataka nywele zote zitoke. Kwetu hilo lina maana moja tu. Nikamwambia hakuna aliyekufa, naenda kuogelea. Akacheka, akanyoa, na nadhani mpaka leo anaamini kuna jambo nilimficha.

Ukweli ni kwamba kofia ya kuogelea haikai juu ya rasta. Nilishindana nayo miezi miwili. Ukiivuta mbele inapanda nyuma, ukiivuta nyuma inakukaba paji la uso, na maji yakishaingia, rasta zinayanywa zote. Mita mia tano za kwanza unavumilia. Baada ya hapo ni kama umefungiwa mkungu wa ndizi kisogoni, shingo inaanza kudai haki zake. Na rasta zinazoloana mara tatu kwa wiki bila kupata nafasi ya kukauka zina harufu ambayo sitaielezea hapa.

Wazo lenyewe lilinijia ndani ya basi. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa limeshafunguliwa, lile la J.P. Magufuli juu ya Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria, lililozinduliwa Juni 2025, nami nilikuwa natoka Sengerema kwenye kikao cha harusi. Miaka yote tumevuka pale kwa kivuko: foleni, jua, wauza karanga madirishani, abiria wote kushuka na kutembea. Siku hiyo basi lilimaliza kilomita 3 za daraja kabla kondakta hajanirudishia chenji yangu. Nikatazama maji kule chini nikajiuliza, mtu akiyavuka haya kwa mikono yake atatumia muda gani? Swali la kijinga. Lakini nilifika nalo nyumbani, nikalala nalo, na asubuhi lilikuwa bado lipo.

Kuogelea nilijua. Nilijifunza utotoni Ukerewe kwa bibi, kwa siri, kama karibu watoto wote wa pwani ya ziwa walivyojifunza. Mliokulia huku mnaujua ule ukaguzi. Ukirudi nyumbani umechelewa, mama anakushika mkono, anakwaruza ngozi kwa ukucha. Ukitokea mstari mweupe uliopauka, ulikuwa ziwani, na fimbo ni halali yako. Tukabuni ujanja wa kujipaka mafuta kabla ya kurudi, mafuta yakawa ndiyo ushahidi. Kwa hiyo tumekua kando ya ziwa lenye kilomita za mraba 68,800, na wengi wetu tunalijua kwa kulitazama, kulivua na kulisafiria. Kuingia ndani yake kwa hiari, mtu mzima, mwenye kazi na watoto, hilo ni jambo la kuelezea watu. Na nimeelezea sana.

Mama yangu nilichelewa kumwambia. Nilianza mazoezi Januari, nikamwambia Machi. Alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo, hakuinua uso.

"Nani anakufukuza?"

Nikasema hakuna.

"Sasa huko unakokwenda kuna nini ambacho huku hakipo?"

Sikuwa na jibu, na kusema kweli sina mpaka leo. Mama si mtu wa kuogopa ovyo. Ila anaikumbuka Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama ikija Mwanza, asubuhi, mamia ya watu ndani yake. Wengi wao wamezikwa Igoma. Nilikuwa darasa la nne. Nyumbani kwetu samaki hakupikwa kwa muda mrefu sana baada ya hapo, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Halafu Septemba 2018 ikaja ya MV Nyerere, karibu kabisa na Ukara, watu zaidi ya 200, na pale gati linaonekana kwa macho. Ukimwambia mwanamke aliyepitia hayo kwamba unakwenda kuogelea kilomita tano kwa kujifurahisha, usitegemee akupigie makofi. Mwishoni alinipa masharti mawili: nipige simu kabla ya kuingia majini na nipige tena nikitoka. Kuja kutazama, hapana. Hilo hata hakutaka nilirudie.

Mazoezi yalianzia kwenye bwawa la hoteli moja mjini, lenye urefu wa mita 15. Fanya hesabu: kilomita 3 ni urefu wa bwawa mara 200. Ukifika ya sitini na kitu hujui tena kama ni sitini na nne au sitini na sita, ukiwa mwaminifu unachagua ndogo, na mimi si mwaminifu kila siku. Nikawa nahamisha njugu mawe kutoka bakuli moja kwenda jingine ukingoni, moja kwa kila urefu kumi. Jumamosi moja mhudumu alizitafuna. Jumamosi nyingine nilikuta bwawa limefunikwa mbao, juu yake meza ya maharusi na keki ya ghorofa tano.

Ila bwawa lilinifundisha jambo moja ambalo ningejua tangu Januari ningepunguza mateso. Nilikuwa naogelea kwa haraka mno. Mtu aliyejifunza ziwani kwa siri anaogelea kama anayekimbizwa: kichwa juu, mateke mengi, pumzi imebanwa. Mita hamsini unaonekana hodari, mita mia mbili unaning'inia ukingoni ukitafuta roho. Nilianza upya kama mtoto. Uso ndani ya maji, pumzi inatoka polepole kwa mapovu ukiwa bado umezama, ili ukigeuza kichwa kazi iwe moja tu, kuvuta. Hewa ikibaki kifuani unadhani unaishiwa pumzi, kumbe umejaa. Wiki tatu nilifanya hilo tu. Halafu wiki nyingine tatu kujifunza kupumua upande wa kushoto, kwa sababu ziwani mawimbi hayakuulizi upande unaoupenda. Yakija kulia na wewe unajua kulia tu, utakunywa ziwa.

Aprili nikadhani niko tayari. Nilikuwa nimefika kilomita mbili na nusu bwawani bila kusimama.

Siku ya kwanza ziwani nilimaliza mita mia mbili.

Nimejaribu kuwaeleza watu kilichotokea na sioni kama wananielewa. Bwawani unaona vigae. Kuna mstari, kuna ukuta, kila baada ya mita 15 kuna kitu cha kugusa. Ziwani niliinamisha uso nikakuta kijani. Kijani kizito cha mwani, mkono nikiunyoosha mbele vidole naviona kwa shida, na chini ya hapo hakuna kitu, au kuna kila kitu. Jani la gugumaji likanigusa mguu. Najua ni jani, nililiona baadaye limelala pale juu ya maji na kaua kake ka zambarau. Lakini mwili haukusubiri baadaye. Kifua kilifunga, mikono ikaanza kukwangua maji, na mwanamke wa kilomita mbili na nusu akarudi kuwa mtoto wa Ukerewe anayekimbizwa. Nilijigeuza chali nikaangalia mbingu mpaka moyo ukashuka. Kama kuna jambo moja ningemfundisha mtu kabla ya mengine yote ni hilo la kulala chali na kutulia.

Aliyenitoa siku hiyo ni mzee wa mtumbwi, na kuanzia hapa makala hii ni yake zaidi kuliko yangu.

Anavua dagaa upande wa Luchelele tangu zama za karabai za mafuta ya taa. Siku hizi ana taa za sola, anazisifu kama mtu aliyepata mkwe mzuri. Nilimpata kwa kuuliza mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, ni nani asiyekunywa pombe. Nilipomwamkia shikamoo na kumweleza ninachotaka, alinyamaza kidogo, akasema, "Mayu (mama, kwa Kisukuma), wewe unataka mtumbwi, au unataka mtu wa kukuzuia?" Nikasema vyote viwili.

Baadaye nikamuuliza kama anajua kuogelea.

"Samaki ndiye anayeogelea. Mimi navua."

Zaidi ya miaka thelathini juu ya maji. Si yeye peke yake, ukiuliza mwaloni utashangaa ni wangapi. Kwa hiyo mtu wangu wa uokoaji ni mtu ambaye, mambo yakiharibika, mimi ndiye nitakayemwokoa. Nilinunua majaketi ya kuokolea mawili, lake na la kijana wake anayepiga kasia (kijana anaogelea vizuri, nashukuru), nikasema bila hayo sishuki. Mzee alilivaa lake kama shati la sare ya shule. Analivaa nikiwepo. Nikiwa sipo, sijui.

Nilikuwa nataka kuvuka ghuba, ng'ambo hadi ng'ambo, kwa sababu ya lile basi. Alikataa kwa neno moja. Baadaye akaeleza: katikati kuna vyombo vinavyopita kwa kasi, na huko upepo ukikukuta huna pa kukimbilia. Akanichorea njia nyingine mchangani kwa kidole cha mguu. Sambamba na nchi kavu, kuelekea kaskazini, kama mita mia tatu kutoka ufukweni. Kwa nini mia tatu? Karibu zaidi kuna matete, na kwenye matete kuna wenyewe. Viboko hutoka usiku kwenda kula majani na kurudi majini alfajiri, kwa hiyo hakuna kuingia gizani hata kama maji yametulia namna gani. Mamba hakumtaja kwa jina. Alisema "yule mwingine". Nami nimezoea kumwita hivyo.

Matete yana balaa jingine dogo zaidi. Konokono wa kichocho wanapenda maji ya kina kifupi, yaliyotulia, yenye majani, na vijidudu wanaowatoa hupenya ngozi nzima bila hata mchubuko, zaidi jua likiwa limewaka. Ziwani mbali hatari inapungua, lakini lazima upite ukingoni kuingia na kutoka. Kwa hiyo naingilia kwenye jiwe, palipo na kina na mawimbi yanayopiga, na nikitoka najikausha kwa taulo papo hapo kwa kusugua. Hayo yote hayaniondoi kwenye vidonge. Daktari wa zahanati alinieleza kitu nilichokuwa sikijui: ukimeza siku ileile uliyoogelea unajidanganya, kwa sababu dawa inaua minyoo iliyokomaa, michanga inaponyoka. Unapima na kumeza wiki sita hadi nane baadaye. Kwa uzito wangu ni vidonge vinne na nusu kwa mpigo, vikubwa kama maharage ya mbeya, vichungu, na usivimeze tumbo likiwa tupu. Nusu ya kidonge ndiyo mbaya kuliko vyote, pale kilipokatwa ulimi unakutana na uchungu wote.

Tulibishana na mzee jambo moja tu, injini. Yeye alitaka aende na boti ya mashine, heshima yake na usalama wangu. Tulijaribu. Dakika kumi nilikuwa navuta moshi wa petroli uliolala juu ya maji, na kichwa kikawa kinazunguka. Halafu pangaboi lile, mita chache kutoka miguuni mwangu. Sasa ni mtumbwi wa kasia upande wangu wa kulia, boti ya mashine inakaa nyuma sana, imezimwa, kwa dharura tu. Kijana anaangalia umbali kwenye simu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mzee anaangalia nyavu.

Za nyavu nilikuwa sizijui kabisa. Mimi nilikuwa naona uchafu unaelea: kipande cha kandambili, chupa ya maji, kipande kingine cha kandambili. Mzee anaona ukuta. Kandambili zilizokatwa vipande ndizo maboya ya wavu, zimepangwa kwa mstari, na chini yake nyuzi nyembamba zisizoonekana zinamngoja sangara au sato. Mtu akiingiza mkono pale akaanza kupapatika, anajifunga mwenyewe. Mzee akigonga kasia mara mbili ubavuni mwa mtumbwi, to-to, maana yake nipinde kushoto. Mara tatu, nisimame. Sauti ya mti juu ya maji unaisikia vizuri hata ukiwa umevaa kofia, kuliko kupigiwa kelele.

Mbele natazama kwa namna ya mamba (samahani, ya yule mwingine). Unainua macho tu juu ya maji, pua inabaki ndani, halafu unageuza kichwa kupumua kama kawaida. Ukiinua kichwa chote, miguu inazama, na maji ya ziwa hayana chumvi ya kukusaidia kuelea. Binamu yangu wa Dar anayeogelea Kigamboni huwa ananicheka kwamba nachoka haraka. Aje huku. Natazama kila baada ya mikono kumi, na kitu cha kutazama kiwe kikubwa. Kwa hilo Mwanza tumebarikiwa, jiwe la kulengea halikosekani. Langu ni rundo la mawe matatu lenye mnara wa simu nyuma yake.

Nilisoma habari za Matthew Webb, Mwingereza aliyevuka mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa mwaka 1875, saa 21 na dakika 45, kwa mtindo wa chura muda wote, akinyweshwa brandi kutoka kwenye boti. Mwaka 1926 Gertrude Ederle wa Marekani, binti wa miaka 20, akatumia saa 14 na ushei, akaipita rekodi ya wanaume wote waliomtangulia. Kule shida kubwa ni baridi. Mimi baridi sinayo, ziwa letu liko nyuzi 24, 25, siku nyingine 26. Shida yangu ni jua. Baada ya zoezi la saa mbili la Mei ngozi ya mgongo ilibanduka kama ya kiazi kilichochemshwa, tena mimi ni mweusi wa kueleweka. Sasa navaa fulana ya kubana ya mikono mirefu na bukta inayofika magotini, jambo ambalo pia limewanyamazisha vijana wa mwaloni waliokuwa na maneno. Kwapani na shingoni mafuta ya mgando, mengi, mpaka yaonekane meupe. Usipopaka, ukija kuoga utapiga yowe.

Kwa Webb na Ederle nilichukua kitu kimoja, chakula. Kila nusu saa kijana ananirushia chupa iliyofungwa kamba. Uji mwepesi wa lishe wenye sukari na chumvi kidogo, uliopozwa. Nalala chali, nakunywa, naiachia, anaivuta. Mtumbwi siugusi. Huo ni utaratibu wa wavukaji wa kule, hakuna anayenilazimisha, lakini nimeupenda. Ndizi mbivu nilijaribu. Kutafuna ukiwa unaelea na kawimbi kanakupiga shavuni ni kazi ya wengine.

Siku tuliipanga kwa mwezi wa mbinguni, si wa kalenda. Dagaa huvutwa na taa, na kukiwa na mbalamwezi taa hazina kazi, ziwa zima lina mwanga. Siku hizo wavuvi wa dagaa wanapumzika, wanashona nyavu, na mzee anakuwa na mtumbwi, kijana na usingizi wa kutosha. Kwa hiyo ikawa Jumamosi iliyokaribiana na mwezi mpevu. Kuingia majini saa moja asubuhi, jua likiwa limeshachomoza na viboko wako kwao. Kutoka kabla ya saa nne, kwa sababu kadiri mchana unavyokaribia upepo unaingia kutoka ziwani. Zoezi la mwisho nilimaliza kilomita nne kwa saa moja na dakika hamsini na mbili. Nikaenda kwa kinyozi.

Jumamosi hiyo niliamka saa tisa usiku. Nikapika uji, nikaupoza kwenye beseni la maji, nikajaza chupa nne. Saa kumi na moja kasoro simu ikaita, mzee ananiamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Rudi ukalale."

Nikamwambia huku kwangu kumetulia kabisa, hata jani la mwembe halitikisiki.

"Huko kwako kuna mwembe. Huku kuna ziwa."

Sikurudi kulala. Nilipanda bodaboda mpaka mwaloni, nadhani nilitaka kumkuta amekosea. Kulikuwa kunapambazuka. Maji yalikuwa na rangi ya bati, na mbali kule, ukikaza macho, kulikuwa na vistari vyeupe vinatokea na kufutika. Nikasema si mengi. Mzee hakubishana. Alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, jaketi lake la kuokolea mgongoni, limefungwa vifungo vyote vitatu. Tukangoja. Ilipofika saa mbili na nusu vile vistari vilikuwa vimefika kwenye lile jiwe ninaloingilia, vinapanda juu yake na kumwagika upande wa pili, na boti moja iliyokuwa inarudi ilikuwa inaonekana na kupotea, inaonekana na kupotea. Pale ndipo ningekuwa nimefika kilomita ya tatu hivi.

Nikampigia mama. Kabla sijasema kitu akauliza, "Umetoka?" Nikamwambia sikuingia. Akanyamaza. Halafu akasema, "Mpe huyo mzee simu." Sijui walizungumza nini, mzee alikuwa anaitikia tu, ee mama, ee, nikamsikia akicheka, akanirudishia.

Uji tuliunywa pale pale, watatu, kila mtu na chupa yake, ya nne tukampa mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa. Alisema una chumvi.

Mwezi mpevu mwingine ni baada ya siku 29 au 30. Nywele zitakuwa zimeota. Nitarudi kwa yule kinyozi, na najua atakachoniuliza.